Safu ya Lugha: Wajibu si Hisani

Kila niwasikiapo ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo wakizungumza habari za migodi, na hasa za nikeli ya Kabanga, ile ya Ngara wala si Kabanga yetu ya Kasulu, husikia zahanati iliyojengwa na kampuni ikiitwa "hisani", nami huona neno hilo limewekwa mahali pasipo pake. Hisani, neno litokalo katika Kiarabu, ni wema autendao mtu kwa hiari yake, ambao akiuacha halaumiwi. Fadhila ni ziada juu ya haki. Na fidia ni badali ya kilichopotea, kama shamba lililotwaliwa. Bali wajibu, wenye asili hiyohiyo ya Kiarabu, ni jambo limlazimulo mtu, asipolitenda huwa na deni.

Na kwa kuwa Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya mwaka 2017, humlazimisha mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kuafikiana juu yake na halmashauri, neno lake ni wajibu. Basi, ndugu msomaji, tuishukuru hisani ilipo, na wajibu tuudai kwa jina lake.