Chumba cha mitambo ya nyumba janja

Chumba cha mitambo katika nyumba janja ni chumba, kijichumba au kabati la ukutani ambamo nyaya zote za mawasiliano ya nyumba hukutana, na ambamo huwekwa vifaa vinavyoongoza taa, geti, kamera, pampu ya maji, viyoyozi na intaneti. Kwa kawaida ndani yake kuna kifaa cha kupokelea faiba, ruta, swichi ya mtandao, kinasa picha za kamera, kompyuta ndogo inayotoa amri, na betri za kuviwezesha kuendelea umeme unapokatika. Makala haya yanaeleza jinsi chumba hicho kinavyoandaliwa katika nyumba ya tofali na zege ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako joto, hewa ya chumvi na umeme usiotulia huibadili kazi yote.

Asili

Mwaka 1966 Jim Sutherland, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse nchini Marekani, aliunda nyumbani kwake kompyuta aliyoiita ECHO IV, kwa vipuri vilivyokuwa havihitajiki tena. Ilijaza makabati manne yenye uzito wa kilo 360 hivi, yakakaa katika chumba cha chini ya nyumba. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni X10, utaratibu wa kupitisha amri ndani ya nyaya zilezile za umeme, na kwa muda ikaonekana kwamba nyumba haihitaji chumba maalumu tena. Kamera, intaneti ya kasi na mifumo kama KNX, ambayo ina waya wake wenyewe, zilikirudisha chumba hicho.

Leo Zigbee, Z-Wave na Matter, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022, huweza kupitisha amri hewani, na wapo wauzaji wanaomwambia mwenye nyumba kwamba waya umepitwa na wakati. Kwa nyumba za huku ushauri huo ni wa hasara. Nyumba kongwe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, na waifai ikishapita ukuta mmoja hufika chumba cha pili ikiwa hoi. Kuta za zege na slabu yenye nondo nazo hazina nafuu kubwa. Kila ghorofa huhitaji kituo chake cha waifai, na kila kituo huhitaji waya unaorudi kwenye chumba cha mitambo. Kituo chenyewe kisifungiwe ndani ya kabati la chuma, maana chuma huyazuia mawimbi yake.

Mahali pa chumba

Uamuzi hufanywa nyumba ingali boma, kabla ya kupiga lipu, wakati fundi umeme anapochimba kuta na kulaza paipu. Ukichelewa hapo, kila waya utakaoongezwa utaonekana ukutani au utadai ukuta upasuliwe upya.

Chini ya ngazi ndipo wengi huchagua, na ni chaguo zuri: ni katikati ya nyumba, hapafai kwa kulala, na paipu za ghorofani hushuka moja kwa moja. Lakini kwanza tazama kilichopo juu yake. Bafu la ghorofani au bomba linalotoka kwenye tangi la paani likivuja mara moja tu, hasara yake itazidi gharama ya kujenga chumba kizima. Stoo ya jikoni haifai kwa sababu ya mvuke, mafuta na mtungi wa gesi. Dari, chini ya bati, haifai kabisa, kwani mchana joto lake halivumiliki hata kwa fundi mwenyewe. Ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri uepukwe pia. Kabati liwekwe juu ya usawa wa sakafu, hasa mitaa ambayo maji ya mvua za masika huingia ndani.

Vifaa vingi vya mtandao hutengenezwa kwa ajili ya raki ya inchi 19, yaani milimita 482.6 kwa upana. Kimo chake huhesabiwa kwa yuniti, kila yuniti milimita 44.45. Kabati la ukutani la yuniti 12, ambalo ndani yake kuna kimo cha sentimita 53 cha kufungia vifaa, linaitosha familia nyingi na nafasi ya kuongezea ikabaki. Mbele yake paachwe karibu mita moja ili fundi apige magoti na kufungua mlango bila kujikunja. Nafasi hiyo ndiyo huibwa kwanza, kwa ndoo, pasi na masanduku ya viatu.

Joto

Hapa ndipo vyumba vingi vya pwani huharibikiwa, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua nyumba yenye kamera nane, kila moja ikitumia wati 6 zinazopita kwenye waya wa mtandao: hizo ni wati 48. Ongeza swichi wati 15, ruta 12, kifaa cha faiba 10, kinasa picha 20 na kompyuta ndogo 8. Jumla ni wati 113, usiku na mchana. Wati za kamera huishia nje, kwenye kamera zenyewe. Zinazobaki, pamoja na zinazopotea katika kugeuza umeme, hukaribia 80, na zote hugeuka joto ndani ya kabati.

Wati 80 si nyingi, lakini kwenye kijichumba kisicho na tundu huwa kama taa kubwa ya kizamani isiyozimwa kamwe. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji na hewa, hupendekeza vifaa vya kompyuta vikae kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Dar es Salaam mwezi Februari hewa ya mchana yenyewe hupita 30. Vifaa vya nyumbani huvumilia zaidi ya kipimo hicho, ila betri za risasi haziwezi: kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu. Betri iliyotarajiwa kudumu miaka minne hufa baada ya miwili, na mwenye nyumba humlaumu muuzaji.

Dawa yake si kiyoyozi. Kiyoyozi hula umeme kuliko vifaa vyote hivyo kwa pamoja, na kikidondosha maji juu ya kabati huleta balaa jingine. Kinachotakiwa ni matundu chini ya mlango ya kuingizia hewa, na feni moja ya sentimita 12 juu ya kutolea. Ili kuziondoa wati 80 huku hewa ikipanda nyuzi 5 tu, inatosha kupitisha mita za ujazo 48 hivi kwa saa, kazi ambayo feni hiyo huifanya bila kelele. Hewa ivutwe kutoka sebuleni au kwenye korido, isitoke nje upande wa bahari. Hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye shaba, na kiungo kilichokula chumvi husumbua kwa miezi kabla hakijakatika, leo kamera inaonekana, kesho haionekani.

Kwenye matundu yote pafungwe wavu mwembamba. Mjusi hupenda joto la vifaa, na akigusa ncha mbili za umeme kwa wakati mmoja hufa yeye na kifaa. Sisimizi nao hujenga ndani ya soketi na swichi. Ubao wa kufungia vifaa uwe umetiwa dawa ya mchwa, au vifaa vifungwe kwenye chuma.

Umeme

Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya volti 240, kwa hezi 50, lakini hivyo ni vipimo vya vitabuni. Jioni volti hushuka, na umeme ukirudi baada ya kukatika huja na mshtuko. Chumba kipewe njia yake kutoka kwenye boksi kuu, yenye breka yake peke yake, ili pasi au jiko la umeme likiangusha breka nyingine, mitambo isizimike. Kabla ya vifaa pawekwe kilinzi cha volti kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, kwa utaratibu uleule wa frijigadi.

Muda wa betri upigiwe hesabu, usikisiwe. Wati 113 kwa saa 4 ni wati-saa 452. UPS ndogo yenye betri mbili za volti 12 na ampea-saa 9 ina wati-saa 216 kwa maandishi, na kwa vitendo hutoa pungufu: haifiki saa 2. Betri moja ya ampea-saa 100 pamoja na inverta, ikitumiwa nusu tu ili isichoke mapema, hukaribia saa 4 na nusu. Betri za risasi hutoa haidrojeni zinapochajiwa, hivyo feni iliyotajwa juu ina kazi ya pili.

Gharama ya kila mwezi nayo isisahauliwe. Wati 113 bila kuzima ni uniti 81 kwa siku 30. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alipewa bei nafuu hadi uniti 75 kwa mwezi. Chumba hiki peke yake, kabla taa moja haijawashwa, kingemtoa kwenye kiwango hicho.

Radi ni jambo zito zaidi bara kuliko pwani. Bonde la Ziwa Victoria na mashariki ya Congo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Kwenye boksi kuu pafungwe kifaa cha kumeza mshtuko wa radi, na kabati liunganishwe na waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita ethi. Mawasiliano kati ya nyumba na geti au banda la mlinzi yapitishwe kwa faiba: faiba ni kioo, haipitishi umeme, kwa hiyo radi iliyopiga nguzo ya geti haipati njia hiyo ya kuingilia chumbani.

Nyaya na maandishi

Waya wa mtandao wa shaba una ukomo wa mita 100, nao usilazwe paipu moja na waya wa umeme. Madukani kuna kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba, zinazouzwa kama shaba tupu. Kuzitambua ni rahisi: menya waya mmoja, ukwangue kwa kisu. Wekundu ukitoka na weupe ukabaki, hiyo ni aluminiamu. Boksi lake pia huwa jepesi mkononi. Kebo hiyo hupata moto inapobeba umeme wa kamera, na ncha zake hukatika fundi anapozibana.

Kila waya uandikwe ncha zote mbili. Niliwahi kufungua kabati la nyumba moja ya miaka mitatu nikakuta vikaratasi vyote vimelala sakafuni, vimejikunja kama maganda ya vitunguu. Gundi ilikuwa imeyeyuka kwa joto, na nyaya 26 za bluu zikaning'inia bila jina. Ilinichukua siku nzima kuzitambua mmojammoja. Tangu hapo huandika namba kwenye waya wenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, halafu nikaufunika kwa mpira mwembamba unaobana ukipashwa moto.

Maandishi hayo hayamfai aliyefunga mitambo, kwa kuwa yeye anakumbuka. Yanamfaa fundi atakayeitwa miaka mitano baadaye, na mama mwenye nyumba aliye peke yake usiku geti limegoma. Kwa ajili yao, mlangoni mwa kabati huning'inizwa daftari: mchoro wa nyumba wenye namba za nyaya, picha za kuta zilizopigwa kabla ya lipu, jina la kila breka, tarehe ya betri, na utaratibu wa kuwasha kifaa kimoja baada ya kingine. Nywila huhifadhiwa mahali pengine panapofungwa, na watu wawili wa nyumba hiyo wapajue.

Kazi haihesabiwi kuwa imekwisha kabla ya jaribio la jioni moja. Breka ya chumba huzimwa, UPS huzimwa, kisha wenye nyumba hupita kila chumba: taa lazima ziwake kwa swichi ya ukutani, geti lifunguke kwa ufunguo, maji yatoke bombani. Palipogoma pafanyiwe kazi upya. Baadaye umeme hurudishwa na mlango wa kabati hufungwa, kisha husubiriwa dakika kumi bila mtu kugusa kitu, ili kuona vifaa vipi vimeamka vyenyewe na vipi vinangoja mkono.