Baraza Kabla ya Mahakama

Wazee wengi wa sharika zetu hudhani kwamba kusuluhisha ndoa ni kazi ya kanisa tangu mwanzo, na kwamba serikali iliingia baadaye. Historia yetu Walutheri inasema vingine.

Mwaka 1529 Martin Luther aliandika kijitabu cha kuwaongoza wachungaji wanapofungisha ndoa, kikawa kinachapishwa pamoja na Katekisimo Ndogo. Humo alifundisha kwamba ndoa ni jambo la dunia, na taratibu zake ni za watawala. Mchungaji awabariki na kuwaombea wanaomwomba. Hakuidharau ndoa, maana aliiita agizo la Mungu. Lakini watu hawakuacha kubisha hodi kwa wachungaji na mashauri yao, hata mwaka 1539 likaundwa baraza mjini Wittenberg, wanatheolojia na wanasheria wakiketi meza moja.

Hapa Tanzania mambo yalikwenda kinyume. Zamani ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu na za kimila zilifuata kila moja sheria yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilizikusanya pamoja, kisha ikawarudisha wanandoa kwa wazee: isipokuwa kwa sababu chache, kama mwenzi kutoweka asijulikane aliko, mahakama haipokei ombi la talaka mpaka baraza la usuluhishi lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Iliagiza baraza kila kata, na ikaruhusu jumuiya kuwa na lake likitambuliwa na Waziri. Kikao cha wazee kisichotambuliwa hivyo, hata kikiomba usiku kucha, si baraza mbele ya sheria.

Neno gumu kwetu ni hilo "limeshindwa". Tumewaona wazee wacha Mungu wakiogopa kutia sahihi, kana kwamba wanavunja ndoa kwa mkono wao. Kikao kinaahirishwa mpaka Pasaka, kisha mpaka baada ya mavuno. Mke amekwisha rudi kwao na watoto, pengine kwa sababu ya kipigo, ambacho sheria hiyo hiyo inasema hakuna mwenzi mwenye haki nacho, mila iseme isemavyo. Ombi lake la talaka halipokelewi, na mgawanyo wa mali unaofuata talaka unasubiri. Na ana fungu lake: mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu nyingine, lakini wanawake wengi waliomfuata wamepata.

Cheti cha baraza si talaka. Kinaeleza tu kwamba wawili waliitwa, wakasikilizwa, wasipatane. Baada ya hapo hakimu huchunguza mwenyewe kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na akiona haijafika huko, hukataa ombi.