Kodi Inayomfuata Raia Ughaibuni

Serikali nyingi humtoza mtu kodi ya mapato kwa sababu anaishi nchini mwao, au kwa sababu fedha imepatikana humo. Marekani huongeza sababu ya tatu, nayo ni uraia: Mmarekani aishiye Muscat hutakiwa kuwasilisha hesabu za mapato yake Washington, hata kama mshahara wote hulipwa huko huko Omani. Chimbuko la kanuni hiyo ni vita.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, ushuru wa forodha haukutosha kuligharimia jeshi la Kaskazini. Bunge likapitisha kodi ya kwanza ya mapato, asilimia 3 ya kiasi kilichozidi dola 800. Raia walioishi ng'ambo walipangiwa asilimia 5, ingawa ni kwa mapato ya mali waliyoiacha Marekani tu. Mwaka 1864 kodi ikayafikia mapato yao yote, popote yalipopatikana.

Wapo wanaoeleza kwamba hazina ilikuwa na njaa ya fedha. Ni kweli, lakini njaa hiyo haielezi kwa nini aliye mbali atozwe zaidi ya aliye nyumbani. Nionavyo, hasira ilikuwa na nguvu zaidi: katika Seneti, Jacob Collamer wa Vermont aliwalaumu matajiri waliokwenda kukaa Paris huku wenzao wakiandikishwa jeshini.

Kodi hiyo ilikoma mwaka 1872. Iliporudi mwaka 1913, baada ya katiba kurekebishwa, raia wa ng'ambo walijumuishwa tena, ingawa hapakuwa na vita. George Cook, mkazi wa Mexico City, akashtaki. Mwaka 1924 Mahakama Kuu ilimkatalia, ikisema kuwa serikali humnufaisha raia wake popote alipo. Hoja hiyo iliitetea sheria, lakini ilikuja miaka 60 baada ya sheria yenyewe.

Bunge lilikuwa limekwisha kulegeza kamba mwaka 1918, likaruhusu kodi iliyolipwa ugenini ipunguzwe kwenye deni la nyumbani. Mwaka 1926 likasamehe ujira wa kazi zilizofanyiwa nje. Utekelezaji ulibaki dhaifu hadi mwaka 2010, sheria mpya ilipozitaka benki za kigeni kutoa taarifa za wateja Wamarekani. Mwaka huo huo katiba mpya ya Kenya iliruhusu uraia pacha. Mkenya aliyechukua uraia wa Marekani, kisha akarudi Mombasa, sasa huulizwa juu ya uraia huo anapofungua akaunti.