Mrundi aliyeitoa Burundi: safari ya kocha Etienne Ndayiragije

Septemba 4, 2019, Burundi iliikaribisha Tanzania katika Uwanja wa Intwari, Bujumbura, kuwania kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Kwenye benchi la wageni alikuwepo mwenyeji: Etienne Ndayiragije, Mrundi, kocha wa muda wa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars.

Dakika ya 82 Cédric Amissi aliifungia Burundi. Dakika tatu baadaye Simon Msuva akasawazisha. Siku nne zikapita, wakarudiana Dar es Salaam. Mbwana Samatta akatangulia kufunga, Abdul Razak Fiston akarudisha, na hata dakika 30 za nyongeza hazikutoa mshindi. Zikaja penalti. Juma Kaseja akiwa golini, Tanzania ikashinda 3-0.

Burundi, iliyokuwa imetoka kucheza AFCON yake ya kwanza kule Misri mwezi Juni, ikawa imetolewa na timu ya mtoto wake.

Ndayiragije hakufika kwenye benchi lile kwa bahati. Msimu wa 2016/17 alikuwa Mwanza akiifundisha Mbao FC, timu changa iliyokuwa inacheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Fedha ilikuwa haba na wachezaji wengi hawakuwa na majina. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Mbao ilibaki Ligi Kuu, na katika Kombe la Shirikisho ikaifunga Yanga 1-0 kwenye nusu fainali pale CCM Kirumba. Fainali ilichezwa Dodoma, Mei 27, 2017. Simba ililazimika kusubiri hadi mwisho wa muda wa nyongeza, na kwa penalti ya Shiza Kichuya ikashinda 2-1.

Kituo kilichofuata kilikuwa KMC ya Kinondoni, nayo ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Msimu wa 2018/19 ilimaliza nafasi ya nne na kujipatia tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Azam wakamchukua. Mwezi Julai 2019, baada ya kocha wake Emmanuel Amunike kuondolewa, Taifa Stars nayo ikamhitaji.

Oktoba 18 mwaka huo, katika kuwania kufuzu CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, baada ya kufungwa 1-0 na Sudan nyumbani, Stars walikwenda Omdurman na kushinda 2-1 kwa mabao ya Erasto Nyoni na Ditram Nchimbi. Tanzania ikarejea kwenye michuano hiyo kwa mara ya kwanza tangu 2009. Kule Cameroon, Januari 2021, iliishia hatua ya makundi, na mwezi uliofuata nafasi ya Ndayiragije ikachukuliwa na Kim Poulsen wa Denmark. Yeye akapita klabu ya Geita Gold, kisha nchi yake ikamwita kuifundisha timu ya taifa.

Wapo wanaomwona kocha wa namna hii kama mtu asiye na kwao. Mimi naona kinyume chake. Mchezaji akivaa jezi ya taifa anabeba damu yake. Kocha anabeba ujuzi wake, na anadaiwa uaminifu wote na vijana waliowekwa mikononi mwake. Siku ile Bujumbura, Ndayiragije aliwatendea haki vijana wa Tanzania. Angewapunja, nani Burundi angemwamini baadaye?

Na Burundi ilimwamini. Novemba 16, 2023, aliiongoza timu hiyo ya taifa, Intamba mu Rugamba, kuifunga Gambia 3-2 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Kwa kuwa Intwari haukukidhi viwango vya mechi za kimataifa, Burundi ilikuwa "nyumbani" katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Mji uleule alikoshuhudia penalti zikiitoa nchi yake, sasa ulikuwa umemfungulia mlango yeye na Warundi wenzake.