Picha, Sauti na Kibali: Filamu za Vugiri na Haki ya Kuzionyesha Hadharani

Mada ya mhadhara huu ni historia ya Kiswahili katika mkoa wa Tanga. Naomba wasikilizaji waniwie radhi nikianza si kwa hati za tenzi wala kwa Kimtang'ata, bali kwa sinema.

Mwaka 1935, huko Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, lilianza jaribio la sinema ya elimu lililojulikana kwa kifupi kama Bekefilm. Kazi ya kupiga picha iliongozwa na Meja L. A. Notcutt, na upande wa elimu ukawa chini ya G. C. Latham. Fedha zilitoka hasa katika Shirika la Carnegie la New York. Mlezi wa mradi alikuwa Baraza la Kimataifa la Misheni. Hadi kufikia 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya, kuweka akiba posta na mengineyo, nazo zikazungushwa kwa lori Tanganyika na katika nchi jirani.

Linalomgusa mwanaisimu ni sauti. Haikunaswa katika mkanda wenyewe, bali ilirekodiwa katika santuri, ili picha ile ile isemewe kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa lugha nyingine mahali pengine. Kumbukeni kwamba kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930 tu, na redio ya Dar es Salaam haikuanza hadi 1951. Santuri hizo, basi, ni miongoni mwa sauti za mwanzo za Kiswahili kilichosemwa kwa mashine mbele ya umati wa wanavijiji.

Miongoni mwa filamu zilizosalia ni ile ya mashamba ya Kingolwira na ile ya ugonjwa wa safura, zote za mwaka 1936. Zimo katika hifadhi ya British Film Institute, Uingereza. Maktaba ya chuo chetu ikitaka kuzionyesha kwa wanafunzi na wananchi, imwombe nani?

Swali hili si la kinadharia. Maktaba moja, ambayo sitaitaja, ilinunua filamu ya hali halisi kuhusu pwani yetu, ikabandika tangazo, viti vikapangwa. Saa chache kabla ya onyesho mkutubi akasoma maandishi ya kasha: kwa matumizi ya nyumbani tu. Wanafunzi wakarudishwa mlangoni, wengine wakimnung'unikia. Mkutubi alikuwa na haki. Anayenunua nakala hanunui haki ya kuionyesha hadharani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamwachia mwenye kazi haki hiyo, hata kama hakuna kiingilio.

Kwa filamu za Vugiri mambo ni tofauti. Mlezi wao, Baraza la Misheni, liliungana na Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1961; serikali za kikoloni zilizochangia zimekwisha; Carnegie alikuwa mfadhili. Ni kazi yatima. Uingereza ilianzisha leseni ya kazi za namna hiyo mwaka 2014, lakini leseni hiyo haivuki mipaka ya Uingereza. Kwa upande wetu, sheria ya 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 kwa kazi za picha na sauti, na miaka 50 tangu 1936 ilitimia mwaka 1986.

Kwa maoni yangu, basi, kizuizi chetu si hakimiliki. Ni nakala. Hifadhi iliyoshika mkanda inaweza kutoza ada na kuweka masharti kwa mkataba, hata pale ambapo haki ya mtunzi imekwisha, na wengi wetu huchanganya mambo haya mawili tukakata tamaa mapema. Kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, ni jambo la tatu, na hilo humalizwa hapa nyumbani.

Barua ya maktaba iombe nakala kwa maneno ya wazi: kuonyeshwa bila malipo, ukumbini na vijijini, Vugiri ikiwamo, kwa mara nyingi na si usiku mmoja. Iulize pia juu ya santuri. Na kama kuna nyumba Korogwe au Lushoto ambamo santuri za miaka hiyo bado zimefungiwa sandukuni, ningemshauri mkutubi aanzie huko kabla ya kuandika Uingereza.