Nadharia za Haki na Mashamba ya Ngano ya Hanang

Katika madarasa ya elimu ya siasa hapa Babati swali la haki halikosi kuulizwa, na mara nyingi linaulizwa vibaya. Mwanafunzi anauliza, "Haki ni nini?", anaandika maana moja kwenye daftari lake na kuridhika. Sisi tunaona kwamba swali hilo halina jibu la daftarini. Kila tabaka lililopata kutawala limekuwa na nadharia yake ya haki, na kila nadharia hupimwa kwa jambo lililotendeka, mahali panapojulikana, kwa watu wanaojulikana. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jambo hilo. Ukitoka Babati kwa barabara ya Singida unapita chini ya Mlima Hanang, na ng'ambo ya mlima huo kuna uwanda wa Basotu. Hadi mwaka 1985 Wilaya ya Hanang ilikuwa na makao yake makuu hapa hapa mjini Babati, kwa hiyo tunayoyaeleza ni mambo ya nyumbani.

Kwanza tuseme neno moja kuhusu lugha. Kiswahili kinatumia neno moja, haki, kwa mambo mawili ambayo lugha za Ulaya huyatenga: kile anachostahili mtu, na ile hali ya jamii kuendeshwa kwa uadilifu. Uchumi huu wa maneno una faida yake, lakini umeleta pia mkanganyiko. Kiongozi anaweza kusimama jukwaani akasema "tumetenda haki", akiwa na maana kwamba taifa kwa jumla limenufaika, wakati huo huo mzee aliye mbele yake anasema "haki yangu imechukuliwa", na wote wawili wakawa wanasema kweli. Huko Basotu ndivyo ilivyokuwa.

Historia yenyewe ni hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilianza kulima ngano Basotu. Mwaka 1970 serikali ya Kanada iliingia kwa msaada wa matrekta, mashine za kuvunia na wataalamu. Mashamba yaliongezeka hadi yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Jumla ya ardhi iliyochukuliwa ilifikia kiasi cha ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga.

Wakubwa wa mipango walidhani kwamba ardhi hiyo ilikuwa tupu. Mfugaji anayehamahama humwonyesha mgeni uwanda usio na nyumba, na mgeni husema hauna mwenyewe. Kwa kweli Wabarabaig walikuwa na utaratibu wa kuhamisha mifugo yao kufuata majira, kutoka mlimani hadi bondeni, na tambarare zenye rutuba wanazoziita muhajega ndizo zilizokuwa nguzo ya mzunguko wote. Katika eneo zima la wilaya, ekari 100,000 si nyingi sana. Lakini zilikuwa ndizo bora, na mzunguko ukishakatwa hapo, malisho yanayobaki hukanyagwa mwaka mzima bila kupumzika mpaka yakaisha. Ndipo wataalamu wale wale wakaandika kwamba mfugaji anaharibu ardhi. Pamoja na malisho, trekta zilipita juu ya makaburi. Mzee wa Kibarabaig mwenye heshima huzikwa kwa sherehe ya miezi mingi iitwayo bung'ed, na juu yake hujengwa kichuguu cha udongo ambacho ukoo unakikumbuka na kukitembelea. Vichuguu hivyo vililimwa pamoja na shamba.

Sasa tupime nadharia.

Ya kwanza ni ile ya Jeremy Bentham wa Uingereza na wafuasi wake, wanaosema kwamba jambo la haki ni lile linaloleta manufaa makubwa zaidi kwa watu wengi zaidi. Nadharia hii ndiyo iliyolima Basotu, ingawa hakuna aliyetaja jina la Bentham. Taifa lilikuwa linaagiza ngano kwa fedha za kigeni, miji ilitaka mkate, Wabarabaig walikuwa wachache. Hesabu ikafanyika. Tunakiri kwamba hesabu hii ina nguvu, na kada anayeicheka hajawahi kupanga bajeti. Lakini tuitazame kwa makini. Mkate ule ulikuwa chakula cha mjini. Mkulima wa mahindi wa Dareda na mfugaji wa Balang'dalalu hawakuula. Na hesabu ya namna hii haina mahali pa kusimama: kama wachache wanaweza kutolewa malisho yao kwa faida ya wengi, wanaweza kutolewa pia ng'ombe wao, kisha makaburi yao. Bentham hana neno la kusema "hapa basi".

Tena hoja hiyo tuliwahi kuisikia kutoka kinywa kingine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wafuge ng'ombe kwa njia za kisasa. Hoja ilikuwa kwamba ardhi itatumika vizuri zaidi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kupinga jambo hilo, na harakati za uhuru zikapata moto mpya. Vizazi vya makada vimefundishwa Engare Nanyuki kama mfano wa dhuluma ya mkoloni. Ni wachache waliofundishwa Basotu katika somo hilo hilo.

Nadharia ya pili ni ya Mmarekani John Rawls, aliyetoa kitabu chake juu ya haki mwaka 1971, wakati matrekta yakiwa kazini Basotu. Rawls anatuambia tufikirie watu wanaotunga kanuni za jamii huku wamefunikwa pazia: hakuna anayejua kama atazaliwa tajiri au maskini, mkulima au mfugaji. Watu hao, asema, watakubali tofauti za hali zile tu zinazomnufaisha aliye chini kabisa. Ni kipimo kizuri. Tuulize basi: mpangaji wa Dar es Salaam angekubali mpango wa ngano kama hajui kwamba kesho yake ataamka akiwa mama wa Kibarabaig mwenye ng'ombe sita na njia ya maji iliyofungwa na shamba? Hata hivyo Rawls ni mwananadharia wa jamii ya kibepari, na kasoro yake ni kwamba watu wake wa nyuma ya pazia hawana historia. Hawana babu aliyezikwa mahali. Wanagawana dunia kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

Robert Nozick alimjibu Rawls mwaka 1974. Huyu ni mtetezi wa mali binafsi, adui wa kodi na wa mipango ya serikali, na makada wengi hawamsomi. Wamsome. Kwa Nozick haki ni historia: kitu ni chako kama ulikipata kwa njia halali, na kilichochukuliwa kwa njia haramu lazima kirekebishwe. Alikusudia kuwalinda matajiri. Lakini kanuni ya marekebisho, ikifuatwa mpaka mwisho wake, inasimama upande wa Wabarabaig kuliko ilivyosimama mipango yetu ya kijamaa. Inatia aibu kiasi kwamba tunamkuta mtetezi wa ubepari amesimama pale tulipopaswa kusimama sisi.

Na Karl Marx je? Mwaka 1875, akikosoa mpango wa chama cha wafanyakazi wa Kijerumani uliotungwa Gotha, alionyesha kwamba haki iliyo sawa, ikitumiwa kwa watu wasio sawa, huzaa kutokuwa sawa; na kwamba mgawanyo wa vitu hufuata umiliki wa njia kuu za uchumi. Hapa ndipo wengi wetu tuliteleza. Tulisema: shamba ni la umma, kwa hiyo unyonyaji umekwisha. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka njia kuu za uchumi ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi. Shamba la Mulbadaw lilikuwa chini ya meneja, na meneja chini ya shirika. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, ulikwisha kuonya juu ya viongozi wenye kiburi na ubezaji kwa wananchi. Umma ulioandikwa kwenye hati ya shamba na umma uliokuwa ukifukuzwa shambani walikuwa watu mbalimbali.

Wabarabaig nao walikuwa na fikra zao za haki, wala hazikungoja wanafalsafa. Mambo ya malisho na visima yaliamuliwa katika mkutano wa hadhara, girgwageda, chini ya mti, na maneno yakazungumzwa mpaka yaafikiwe. Wanawake walikuwa na baraza lao, girgwageda gademg. Mume akimpiga mkewe aliye katika siku za uzazi, wanawake hukusanyika, humhukumu, na humtoza faini ya ng'ombe dume. Hatusemi kwamba jamii hiyo ilikuwa pepo. Tunasema kwamba ilijua jambo ambalo Bentham hakulijua, yaani kwamba uamuzi unaomgusa mtu bila yeye kusikilizwa una kasoro hata kama hesabu yake ni sahihi.

Wananchi walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishitaki NAFCO mwaka 1981, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Arusha iliamua kwamba shirika liliingilia ardhi yao bila haki. NAFCO ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo. Sababu zake zinastahili kusomwa polepole: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu, na wadai hawakuthibitisha kwamba wao ni "wenyeji" kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya 1923. Miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru, Mtanzania wa Hanang alidaiwa athibitishe uenyeji wake kwa kipimo cha Gavana wa Kiingereza. Wengine walipofungua kesi mpya, mwaka 1989 serikali ilitoa amri ya kufuta haki za kimila katika ardhi hiyo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1993 serikali iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza malalamiko ya kuvunjwa haki za binadamu katika mashamba hayo, na mwaka huo huo msaada wa Kanada ukafikia mwisho. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, mkulima wa Kambi ya Simba katika Mbulu ya wakati ule, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Hukumu hiyo ndiyo jiwe la msingi, nasi tunashangaa kuona jinsi inavyofundishwa kidogo. NAFCO yenyewe ilidhoofika na kuvunjwa. Baadhi ya mashamba yakarudishwa kwa vijiji, mengine yakaenda kwa wawekezaji binafsi. Hata kurudishwa kukazua swali: arudishiwe nani? Mfugaji aliyefukuzwa alikuwa amekwisha kusambaa hadi mikoa mingine, na kijiji kilichopokea ekari kilikuwa na wakulima wengi kuliko wafugaji. Nozick angetaka rekodi ya kila ukoo. Rawls angeuliza nani yuko chini zaidi leo. Mkutano wa kijiji ulipiga kura.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka haki ya kimila kuwa sawa na hati ya serikali, na baraza la ardhi la kijiji linatakiwa kuwa na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Lakini sheria hiyo hiyo imempa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubali au kukataa. Likizidi hapo, kijiji kinatoa maoni, na Waziri ndiye mwenye uamuzi. Mashamba saba ya Hanang yalikuwa na jumla ya hekta zipatazo 40,000.