Wasikhi na Malezi ya Watoto Wao

Mwaka 1873 wanafunzi wanne Wasikhi wa shule ya misheni mjini Amritsar, Punjab, walitangaza nia ya kubatizwa. Sisi tuliolelewa na shule za misheni twaisikia habari hiyo kwa furaha. Wazee wao waliiona kuwa msiba. Waliwasihi vijana wale hata wakaghairi, kisha mwaka uleule wakaunda chama cha Singh Sabha, kieneze elimu ya dini na mwandiko wa Gurmukhi, ambao ndio wa maandiko yao matakatifu. Mwaka 1892 kilianzishwa Chuo cha Khalsa; na huko Ferozepur, Takht Singh na mkewe, Harnam Kaur, walifungua shule ya wasichana. Hapo, twadhani, walipima vema kuliko wengi wetu: sala za nyumbani mtoto huzipokea kwa mamaye.